Nimejifunza karata za taroti miezi saba, sasa jirani anataka nimsomee. Mnaanzaje kumsomea mtu mwingine?

#1 Chiku wa Sae
Wakuu, heshima kwenu. Naombeni mmalize kusoma kabla hamjaanza kuniombea.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Mwanjelwa, Mbeya. Mwanzoni mwa mwaka dada yangu aliyeko Dar alinitumia kwa basi pakiti ya karata za taroti, zile za Rider-Waite-Smith, 78 pamoja na kijitabu chake. Nilizichukulia kama mchezo. Kila asubuhi kabla sijakanyaga cherehani nachomoa moja, naitazama, naandika mistari miwili nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Miezi saba sasa. Za kwangu mwenyewe hazinisumbui, maana nikikosea nimejidanganya mimi tu.

Balaa limeanza wiki iliyopita. Ubavuni kwangu kuna mama anauza mchele wa Kyela, mtu mzima, ananiita mwanangu. Akaziona chini ya vitenge. "Hizi ndizo zile za kutazamia? Nitazamie basi, leo biashara imelala." Sikuwa na ujanja. Nikazichanga, akakata kwa mkono wa kushoto (sijui nani alimfundisha), nikatandika tatu juu ya gunia.

Sita ya Vikombe. Tatu ya Mapanga. Mnara.

Kwa wasiozijua: ya kwanza ni mtoto anampa mdogo wake kikombe chenye ua. Ya pili ni moyo mwekundu uliochomwa mapanga matatu, nyuma mvua inanyesha. Ya tatu ni mnara umepigwa radi, watu wawili wanaanguka. Ulimi ukakauka. Nikaanza, "Eeh mama, hapa naona mabadiliko..." Yeye wala hanitazami, anautazama ule moyo. Kimya. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi macho ninayo."

Bahati mteja akaja kuchukua sare za kwaya, nikazikusanya zote nikazifunga kwenye kitambaa. Sasa anataka tumalizie Jumamosi.

Mnaosomea watu, mnaanzaje? Unasema ya kwenye kijitabu au yale yanayokujia? Na mbaya ikitoka, unaificha au unaitoa?

#2 Kandambili
Nimekaa siti ya mbele. Wajuzi njooni.

#3 Mlokole wa Ilomba
Dada Chiku, Kumbukumbu la Torati 18, mstari wa 10 mpaka wa 12. Soma taratibu. Atazamaye bao ametajwa humo pamoja na msihiri, hakuna mlango wa dharura. Rudisha karata Dar kwa basi lilelile.

#4 Ulanzi Mkangafu
Tumewaita wajuzi amewahi mchungaji.

Chiku, hizo tatu ulizotandika hazina uhusiano na zile karata tatu za stendi? Maana kule nililiwa elfu 30 na nauli ya kurudi Makambako, na mimi macho nilikuwa nayo vilevile.

#5 Ndizi ya Tukuyu
Nasomea watu mwaka wa nne huu, silipishi. Chiku, kosa lako la kwanza halipo kwenye karata. Ulitandika bila swali. Mama kakwambia biashara imelala, wewe ukachukua hiyo kama swali, kumbe labda alikuwa anatania tu. Mimi sigusi pakiti mpaka mtu aseme kwa mdomo wake anataka kujua nini, na akisema "niangalie tu" namrudishia mpira: kuhusu nini, mama? Wakati mwingine tunabaki hapo dakika kumi, karata hazijatoka kwenye mfuko.

La pili, usikimbilie ule Msalaba wa Kikelti wa karata kumi unaofundishwa kwenye vijitabu vyote. Kwa mtu mgeni karata kumi ni kelele. Tatu zinatosha, hata moja.

La tatu ndilo lililonichukua muda. Usimwambie maana. Mpe karata mkononi, muulize anaona nini kwenye picha, wewe nyamaza. Kuna binti nilimtandikia ikatoka Tano ya Sarafu: watu wawili masikini, mmoja ana magongo, wanapita kwenye theluji chini ya dirisha la kanisa linalowaka taa. Kitabu kinasema ukata, kutengwa. Yule binti hajawahi kuona theluji. Akaitazama akasema, "Hawa wako Makete mwezi wa sita." Tukacheka. Halafu, bila mimi kuuliza, akaanza kusimulia alivyofukuzwa kwa dada yake na mtoto mgongoni, saa kumi na moja alfajiri, na ndani taa ilikuwa inawaka kama kwenye ile picha. Mimi ningesema "ukata" ningemkatisha.

#6 Farao wa Forest
Tatizo lenu mnachezea msichokijua. Taroti ni elimu ya makuhani wa Misri, waliificha kwenye picha ili isipotee maktaba zilipochomwa. Kati ya zile 78, karata 22 kubwa ni kurasa za kitabu cha mungu Thothi. Kumsomea mtu bila kuandaliwa ni kama kushika waya wa umeme. Ndiyo maana ulimi ulikukauka.

#7 Mzee wa Kihesa
Kamwene. Kijana Farao, hapo umelishwa. Nilifundisha historia miaka 31, naomba nisahihishe.

Taroti zilianza kaskazini mwa Italia karne ya 15, miaka ya 1440 tayari zinatajwa, na zilikuwa za kuchezea. Mchezo wenyewe, wenye pointi, watu wazima wamekaa mezani. Habari za Misri zililetwa na Mfaransa, Antoine Court de Gébelin, mwaka 1781. Na mwaka huo hakuna mtu duniani aliyekuwa anaweza kusoma maandishi ya kale ya Misri: Mfaransa mwingine, Champollion, ndiye aliyeyafumbua 1822. Kwa hiyo alisema kitabu cha Misri bila kujua kusoma Kimisri. Miaka michache baadaye, 1785, mtabiri wa Kifaransa aliyejiita Etteilla akatoa kitabu cha kufundisha kutabiri kwa karata hizo, na biashara ikaanza.

Ila kuna jambo linalonifurahisha mimi binafsi. Nyie mnaocheza karata vijiweni mnaita kopa, uru, shupaza na pau (vijana wanasema maua). Majina hayo ni ya Kireno, tuliachiwa na wale waliofika pwani 1498 na kung'olewa Fort Jesus 1698. *Copas* ni vikombe. *Ouros* ni dhahabu, yaani sarafu. *Espadas* ni mapanga. *Paus* ni fimbo. Sasa Chiku atuambie karata zake ndogo zimegawanyika mafungu gani.

#8 Chiku wa Sae
Vikombe, Sarafu, Mapanga na Fimbo. Mzee, nywele zimenisimama.

#9 Mzee wa Kihesa
Bado. Zile 22 kubwa Waitaliano waliziita *trionfi*, kwa sababu ndizo zilizokula nyingine zote. Kwa Kireno karata inayokula nyingine ni *trunfo*. Sisi tunaiita turufu. Kwa hiyo, binti yangu, Mnara uliomtolea yule mama ni turufu. Mpiga karata wa Mlandege angeipigisha kwa nguvu mezani na kudai chai.

#10 Kandambili
Huyu mzee apewe kiti chenye mto.

#11 Kijana wa Iyunga
Mzee yuko sawa ila nyongeza ndogo. Karata za kawaida zenyewe, kabla ya hizo turufu kuongezwa, ziliingia Ulaya karne ya 14 kutoka kwa Wamamluki. Pakiti yao moja ipo Istanbul, kasri la Topkapi: vikombe, dinari, panga na fimbo za polo. Na Wamamluki walitawala wapi? Misri.

#12 Farao wa Forest
MISRI. Nilisema nini mimi? Naomba radhi ziandikwe kwa herufi kubwa.

#13 Kijana wa Iyunga
Mkuu, Wamamluki walikuwa Waislamu wa zama za kati wanacheza karata baada ya chakula. Thothi hayumo.

Turudi kwa Chiku. Naona mnamfundisha ufundi bila kumwambia unafanyaje kazi. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, kisha akamrudishia kila mmoja "matokeo yake" na kumwomba ayape alama kati ya 0 na 5. Wastani ukawa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi moja yenye maneno yaleyale, aliyoyatoa kwenye kitabu cha unajimu cha kununuliwa mtaani. "Una uwezo ambao hujautumia", "wakati mwingine una mashaka kama umefanya uamuzi sahihi". Nani hana? Moyo na mapanga matatu, mnara na radi: nitajie mama mmoja pale sokoni ambaye havimhusu.

#14 Ndizi ya Tukuyu
Forer alitoa karatasi. Mimi sitoi karatasi, nakaa kimya. Tofauti kubwa.

#15 Kijana wa Iyunga
Dada Ndizi, hapo ndipo pazuri zaidi. Unakaa kimya, mtu anasimulia maisha yake yote, halafu jioni anakumbuka kwamba karata zilimwambia. Sisemi unadanganya. Wewe mwenyewe hujui kama unafanya hivyo.

#16 Ndizi ya Tukuyu
Sasa kama ametoka amepumua, kosa liko wapi?

#17 Dereva wa Tunduma
Kosa nitakwambia mimi.

Miaka mitatu nyuma nilikuwa nimepaki Ndola, napakia shaba kuja Dar. Kuna dada wa kihoteli pale alikuwa na karata hizihizi, kwa utani akanitandikia. Ikatoka gari la farasi limegeuka kichwa chini. Akasema, "Safari yako ina kikwazo, usiharakishe." Maneno matano tu. Mimi nikalala Ndola siku mbili zaidi. Nilipofika Tunduma foleni ilikuwa imevimba, nikakaa siku tisa. Tajiri akanikata mshahara kwa kila siku. Yaani kikwazo kilikuwa kile kikaratasi chake.

Yule dada hana habari hadi leo. Yeye aliosha vyombo akalala. Chiku, ukifungua mdomo Jumamosi ujue huyo mama anaenda kununua gunia au kutonunua, kugombana na mtu au kutogombana, kwa neno lako.

#18 Ulanzi Mkangafu
Pole dereva. Ila siku tisa Tunduma hiyo ni kawaida, hata malaika angekaa.

#19 Dereva wa Tunduma
Ningewahi siku mbili ningekuta foleni fupi!! Usinitibue.

#20 Nesi Mstaafu
Habari za jioni wanangu. Mimi karata sizijui, hata arbastini sichezi. Ila nimetoa habari mbaya kwa watu miaka mingi wodini, naona swali la Chiku ni lilelile.

Tulifundishwa na mwenzetu mmoja mkubwa: kabla hujamwambia mtu chochote, muulize anajua nini mpaka sasa. Mara nyingi anajua. Yule mama alikwambia macho anayo, huko ndiko kujua. Wewe ukamjibu "mabadiliko". Mgonjwa anayeambiwa "tutaona tutaona" haogopi ugonjwa tena, anakuogopa wewe. Kama huna la kusema, sema picha hii imenishtua hata mimi. Kisha keti. Usisimame wima, mtu akiona umesimama anajua unataka kukimbia.

Na magonjwa usiyaguse kabisa. Akiuliza kuhusu uvimbe, mwambie aende hospitali, funga kitambaa chako.

#21 Wakili wa Kijiweni
Hamjauliza ila nasema. Tuna Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, asili yake 1928 enzi za Mwingereza. Tafsiri yake ya uchawi ni pana: inabeba hata mtu *kudai* ana nguvu au ujuzi wa siri. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Na ukanda wetu huu hatuwezi kusahau Njombe 2019, watoto wale waliouawa. Ramli chonganishi si neno la utani hapa Nyanda za Juu.

Kwa hiyo Chiku: usipokee pesa, usidai nguvu yoyote, na zaidi ya yote mtu akikuuliza "nani ananiroga", "nani kaniibia", usimtaje binadamu yeyote. Hata kwa kukonyeza.

#22 Mlokole wa Ilomba
Ona sasa, hata sheria ya serikali inakubaliana na Torati.

#23 Mpemba Aliyepotelea Mafinga
Na Qur'ani pia, Al-Maida aya ya 90. Leo mchungaji tumekaa jamvi moja.

Sahihisho dogo kwa Wakili: ramli kwa Kiarabu ni mchanga. Mpiga ramli halisi anapiga nukta mchangani au karatasini, zinatoka alama kumi na sita, ana hesabu zake. Ni elimu nzima hata kama imekatazwa. Karata si ramli.

#24 Wakili wa Kijiweni
Sheikh, kamwambie hakimu hivyo.

#25 Chiku wa Sae
Asanteni wote, hasa mama Nesi, nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Silipishi wala sitalipisha. Swali dogo: ikitoka kichwa chini mnaisoma kinyume? Mimi nikijisomea naigeuza tu.

#26 Ndizi ya Tukuyu
Kwa mtu mwingine sipindui. Akiona mtu kaning'inia kichwa chini nikamwambia "hii imegeuka" atauliza mbona huyo wa karata ya Mnyongwa alikuwa kichwa chini tangu kiwandani. Utaeleza mpaka giza.

#27 Farao wa Forest
Zisome. Nusu ya maana iko huko. Na chumvi kidogo mlangoni.

#28 Ulanzi Mkangafu
Chumvi gani mkuu, ya mawe au ya paketi?

#29 Mjukuu wa Kalenga
Nimesoma kimya muda mrefu. Naona mnazungumza kama hii kazi ni ya kujifunza kwa daftari. Bibi yangu alikuwa akitazamia kwa maji kwenye bakuli jeupe la bati, lile lenye ukingo wa bluu. Hakufundishwa na mtu, alianza baada ya kuugua sana akiwa msichana. Nilikuwa nachota hayo maji mimi. Mtu anakuja, bibi anatazama bakuli, anauliza mambo ya kawaida kabisa: shamba limelimwa? Mtoto wa pili yuko wapi siku hizi? Halafu anasema kitu kimoja tu, kifupi. Siku nyingine anasema, "Leo ni maji," anayamwaga kwenye migomba, na mgeni anarudi Ipogolo na safari yake ya bure.

Huo "leo ni maji" ndio siuoni kwenye vitabu vyenu. Chiku, kama Jumamosi hakuna kitu, je utakuwa na ubavu wa kusema leo ni makaratasi?

Hata jiwe letu la Gangilonga, jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, lakini haliongei na kila anayepanda kupiga picha jioni. Wazee wanasema Mkwawa alikaa pale akapata habari za Wajerumani.

#30 Dereva wa Tunduma
Kwa heshima zote kwa Wahehe. Kama jiwe lilimtonya Lugalo 1891 akawafyeka, mbona 1894 walipokuja na mizinga Kalenga likanyamaza?

#31 Mjukuu wa Kalenga
Siku hiyo lilikuwa jiwe.

#32 Mzee wa Kihesa
😂 Mjukuu wetu kajibu. Endeleeni.

#33 Kandambili
Mimi nataka kuanza lakini hiyo pakiti bei yake inazidi kodi yangu. Kuna jamaa wa steshenari Kabwe kasema anaweza kunichapia zote 78 na kuzilamineti. Ni wizi?

#34 Kijana wa Iyunga
Picha za asili za 1909 si wizi. Mchoraji ni Pamela Colman Smith, alifariki 1951, hata huko Ulaya ile miaka 70 baada ya kifo iliisha 2021. Angalia tu usichape toleo jipya lililopakwa rangi upya. Na huyo mama anastahili kutajwa: yeye ndiye aliyezipa zile karata ndogo watu na visa, awali kwenye pakiti nyingi za taroti Tatu ya Mapanga ilikuwa mapanga matatu tu yamepangwa. Miaka mingi pakiti ikaitwa Rider na Waite, yaani mchapishaji na mwandishi, na malipo yake yalikuwa kiduchu.

Ila ukizilamineti hutaweza kuzichanga, zitateleza kama samaki.

#35 Ndizi ya Tukuyu
Au tumia karata za kawaida hizohizo. Hamsini na mbili, zinapungua wapanda farasi wanne na zile turufu 22 tu. Nilianzia huko, kwenye pakiti isiyo na saba ya uru. Hadi leo saba ya sarafu ikitoka nashtuka kama nimeona mgeni.

#36 Chiku wa Sae
Nimerudi. Jumamosi imepita.

Alikuja saa tisa, soko limepoa. Kaleta stuli yake mwenyewe. Nikamwambia mama, nilikuwa nimeogopa siku ile, na sikukuuliza unataka kujua nini. Akasema hataki nichange upya. "Nirudishie zilezile." Ndizi, najua mtanisema, lakini alizikumbuka kwa mpangilio, nikazitafuta nikaziweka juu ya gunia kama mwanzo. Nikamuuliza, unaona nini?

Akaanza na watoto. Akasema huyu ni marehemu mume wangu, tumesoma wote shule ya msingi, alikuwa ananipa nusu ya kiazi chake. Akakaa na hiyo karata sana. Ina alama ya kidole cha mafuta mpaka sasa, sijaifuta.

Halafu akagusa ile ya mwisho, akaruka ya kati. "Na huu ndio mnara wenyewe." Nikauliza mnara gani, mama? Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Mnara wa simu! Marehemu aliacha kipande cha shamba Rungwe, kampuni imesimika mnara pale, inalipa kodi kila mwaka. Shemeji zake wanaizozania. Wangapi? Akaweka kidole kwenye moyo, akahesabu mapanga. Mmoja, wawili, watatu.

Wakuu, mimi habari za shamba hilo nilikuwa sina. Nilikuwa nimejiandaa kusema Mnara ni anguko la ghafla, ukweli unaolipuka, yote niliyokariri. Sikusema hata neno. Alilia kidogo, akafuta kwa upindo wa khanga, akauliza, "Sasa nifanyeje?" Nikamwambia karata hazisemi hilo, au zinasema mimi sijui. Nikamtajia baraza la kata. Akanipimia kilo mbili za mchele, nikakataa, akaziweka kwenye ndoo ya vitambaa akaondoka.

Usiku sikulala vizuri. Naombeni mnieleze, nini kimetokea pale?

#37 Kijana wa Iyunga
Nitajie familia moja Tanzania isiyo na ugomvi wa kiwanja, nitafunga akaunti yangu. Shemeji wangekuwa wanne angesema radi ni wa nne. Wangekuwa wawili angesema la tatu ni wifi.

#38 Mjukuu wa Kalenga
Lakini walikuwa watatu.

#39 Mzee wa Kihesa
Naongeza la lugha. Kwenye zile seti za zamani za Kifaransa, za Marseille, karata hiyo ya 16 haiitwi Mnara. Inaitwa *La Maison Dieu*, nyumba ya Mungu. Chiku angekuwa na seti hiyo, akamtafsiria mama jina hilo, nadhani tungesikia habari za kanisa na sadaka, mnara wa simu usingetajwa.

#40 Kijana wa Iyunga
Asante mzee, umenimalizia hoja. Anayesomewa ndiye anayejaza.

#41 Ndizi ya Tukuyu
Mzee kasema "nadhani". Na mchoro ungekuwa uleule, jengo linapigwa radi. Mama hakusoma jina, jina limeandikwa Kiingereza na yeye Kiingereza hakijui. Aliona picha.

#42 Kijana wa Iyunga
Chiku, ulimtamkia neno "mnara" siku ya kwanza?

#43 Chiku wa Sae
Sikumbuki. Labda. Nilikuwa nasema peke yangu wakati natandika, nina tabia hiyo.

#44 Dereva wa Tunduma
Na kitu kingine, vibanda vya Mwanjelwa vimeachana kwa turubai. Una uhakika miezi yote hujawahi kumsikia akigomba na shemeji kwenye simu? Sikio husikia mwenyewe hana habari.

#45 Nesi Mstaafu
Mwanangu Chiku, mimi naona mjane ameketi na mtu dakika ishirini bila kuharakishwa. Pale sokoni nani mwingine angempa? Mfuate wiki ijayo umuulize alifikia wapi na baraza. Bila karata.

#46 Mlokole wa Ilomba
Pepo wa uaguzi naye husema kweli, Matendo ya Mitume 16, yule kijakazi. Kusema kweli si hoja. Ila huyo mama namwombea, na mimi namjua mzee wa baraza mmoja huko, Chiku nitumie ujumbe faragha.

#47 Farao wa Forest
Hakuweka chumvi na bado zimefunguka. Huyu dada ana asili ya huko.

#48 Wakili wa Kijiweni
Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui. Wakishindwana aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na aende na hati ya mirathi, asiende na Tatu ya Mapanga.

#49 Chiku wa Sae
Nimempelekea hiyo ya mirathi leo asubuhi, ameiandika kwenye kiganja. Sasa bodaboda wawili na muuza dagaa wameshasikia, wanataka zamu. Nimewaambia leo ni makaratasi.

#50 Ulanzi Mkangafu
Wote mmesahau swali la msingi. Hizo kilo mbili, ni mchele wa Kyela kweli au ni wa Mbarali uliobadilishiwa gunia?

#51 Chiku wa Sae
Huyo mama ana mtoto anayeingia humu. Swali linalofuata.